Sungura Anayeumwa Tumbo Kila Mara: Jinsi ya Kumtafutia Chanzo Huku Mtwara na Lindi

Sungura akivurugika tumbo mara moja, akala majani matupu siku mbili tatu na kurudi katika hali yake, hakuna la kushangaza. Lakini yupo yule ambaye wiki hii anahara, wiki ijayo kinyesi kimekauka na kupungua, mwezi unaofuata tumbo limejaa gesi na hataki hata kusogea. Huyo kuna kitu anakipata kila siku, au anakikosa kila siku, na mwili unamlalamikia. Kazi ya mfugaji ni kukitafuta hicho kitu. Nimeandika kwa ajili ya mtu mwenye sungura mmoja, wawili au watatu nyumbani, awe Ligula, Shangani, Mikindani, Lindi mjini, Masasi au Newala, ambako daktari aliyezoea ng'ombe na mbuzi hupatikana kwa urahisi kuliko anayewajua sungura.

Jambo moja nalitanguliza: usianze na dawa. Kuna sungura wanaouawa na dawa waliyopewa kwa nia njema kabisa, na nitalieleza hilo kwa kirefu mbele.

Kwanza, tumbo lenyewe

Sungura hawezi kutapika. Kilichoingia mdomoni lazima kipite kote hadi kitoke upande wa pili. Pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana pana mfuko mkubwa uliojaa bakteria, na humo ndimo majani yanamochachuliwa na kuwa lishe. Nyuzinyuzi ndefu za majani hazimeng'enywi sana, lakini ndizo zinazousukuma utumbo uendelee na kazi. Zikipungua, utumbo unapunguza mwendo. Wanga na sukari vikizidi, bakteria wasiotakiwa wanaongezeka na kutoa gesi na sumu. Tumbo likiuma, sungura anaacha kula. Akiacha kula, utumbo unazidi kulala. Ndiyo maana ugonjwa ulioanza asubuhi kwa kusuasua tu unaweza kuwa mkubwa kufikia usiku.

Ana kinyesi cha aina mbili. Kuna vigololi vikavu unavyoviona kila kona ya banda. Kuna na kingine laini, chenye kung'aa na harufu kali, kilichoshikamana katika vichala vidogo. Hiki hutoka zaidi usiku au alfajiri, naye hukila papo hapo kutoka nyuma kwake kwa sababu kimejaa protini na vitamini. Ukimwona ameinama anafanya hivyo, mwache. Anajilisha.

Hatua ya 1: Jua kama leo ni dharura

Kabla ya kutafuta chanzo, hakikisha mnyama ataiona kesho. Hesabu saa tangu alipokula mara ya mwisho. Sungura mzima ambaye hajala chochote kwa saa 12, au hajatoa kigololi hata kimoja kwa muda huo, ni mgonjwa wa dharura, na si wa kungojea Jumatatu. Sungura mchanga wa chini ya miezi mitatu anayehara maji ni dharura hata kama bado anarukaruka, kwa sababu mwili mdogo unaishiwa maji ndani ya saa chache.

Maumivu yake hayana kelele. Hujikunja mgongo pembeni mwa banda, hufumba macho nusu, husaga meno kwa nguvu, hubana tumbo sakafuni. Shika masikio yake. Masikio ya baridi katika mchana wa Mtwara ni habari mbaya. Kama una kipimajoto, joto la kawaida la sungura linalopimwa kwa nyuma ni kati ya nyuzi 38.5 na 40 za Selsiasi. Likishuka chini ya 38, mwili umeanza kushindwa: mfunike kwa kitambaa, weka pembeni yake chupa ya maji ya vuguvugu iliyoviringishiwa khanga, kisha mtafute daktari.

Sasa liguse tumbo taratibu kwa vidole vilivyokunjuliwa. Kama limevimba ghafla, limekaza, ukiligonga kidogo linatoa mlio wa kitu kitupu, na mnyama amenyong'onyea, huenda utumbo umeziba au umejaa gesi vibaya. Huyo usimlazimishe chakula wala maji mdomoni, utaongeza mzigo mahali pasipopitika. Daktari ndiye wa kumwona, tena saa hiyo hiyo.

Kama tumbo ni laini, limelegea au ndani lina kitu kizito mithili ya unga uliokandwa, na amepunguza kula bila kuacha kabisa, hapo unaweza kumsaidia huku ukitafuta daktari. Mpe majani mabichi yaliyoloweshwa, harufu yake humvuta. Akikataa, saga chakula cha sungura cha punje, kiloweke kwenye maji ya vuguvugu hadi kiwe uji mwepesi, chuja, halafu mlishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Bomba lipite pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, usukume kidogo kidogo huku ukimsubiri ameze. Anza na kiasi kidogo. Akipokea vizuri, mlo mmoja uwe kama mililita 10 kwa kila kilo ya uzito wake, mara nne kwa siku. Usimlaze chali unapomlisha, uji utaingia kwenye mapafu. Katikati ya milo mwachie nafasi sakafuni atembee, maana mwendo nao huamsha utumbo.

Watu wengi hutumia matone ya gesi ya watoto wachanga yenye simethikoni. Hayamdhuru, ila hayauamshi utumbo uliolala, kwa hiyo yasikuchelewesha kumpeleka kwa daktari. Dawa ya maumivu ndiyo inayosaidia kweli, kwa kuwa sungura mwenye maumivu hali. Hiyo aitoe daktari kwa kipimo cha uzito. Diklofenaki ya binadamu iliyobaki kabatini usiikate vipande ukamkadiria.

Hatua ya 2: Soma kinyesi kila asubuhi

Dharura ikishapita, uchunguzi unaanza bandani, na unaanzia kwenye kinyesi. Kila asubuhi kabla ya kufagia, chuchumaa uangalie. Sungura mwenye afya hutoa vigololi zaidi ya 200 kwa siku, vikubwa, vya duara, vinavyolingana, rangi ya majani makavu. Ukikivunja kimoja unaona nyuzi za majani na hakinuki.

Vikiwa vidogo, vyeusi, vigumu na kila kimoja na umbo lake, utumbo unapunguza mwendo: majani hayatoshi, au maji hayatoshi, au ana maumivu mahali fulani. Dalili hii hutangulia mgomo wa kula kwa siku moja au mbili, na anayeiona mapema huokoa mengi. Vikiunganishwa na nywele kama shanga, ananyonyoka manyoya. Mchane kila siku na umwongezee majani. Wapo wanaoamini kwamba nywele ndizo zinazoziba tumbo, wakampa juisi ya nanasi au papai ili ziyeyuke. Nywele tumboni mwa sungura ni jambo la kawaida kwa sababu hujilamba mchana kutwa. Zinarundikana pale utumbo unapokuwa umeshalala kwa sababu nyingine. Juisi inaongeza sukari tu.

Halafu kuna lile linalowachanganya wafugaji wengi: uchafu laini, mweusi, unaonata, umeganda kwenye manyoya ya nyuma au umesagwa sakafuni, wakati vigololi vikavu bado vinatoka kama kawaida. Wengi huita hali hii kuhara, kumbe ni kile kinyesi laini cha usiku ambacho hakukila. Ama chakula chake ni kitamu kupita kiasi na kinyesi hicho kimezidi au kimekuwa uji, ama amenenepa hadi hawezi kujifikia, ama mgongo au miguu inamuuma. Tiba yake ipo kwenye hatua ya 4 na ya 5, haipo kwenye chupa ya dawa. Ila msafishe haraka na umkaushe, kwa sababu kwenye joto letu nzi hutaga hapo, na ndani ya siku moja funza wanaanza kumla akiwa hai.

Kuhara kwa kweli ni pale ambapo hakuna kigololi kabisa, ni maji au uji mtupu. Ute mweupe kama mlenda, hasa kwa sungura wachanga waliotoka kuachishwa kunyonya, ni hatari kubwa. Kwa yote mawili, nenda kwa daktari.

Hatua ya 3: Daftari

Chukua daftari la shule la kurasa chache. Kila siku andika mistari miwili: alichokula na alichobakiza, vigololi vilivyo, hali ya hewa, na jambo lolote lisilo la kawaida, iwe mbwa wa jirani aliyezunguka banda, wageni, au ngoma ya unyago iliyokesha mtaa wa pili. Hofu huufunga utumbo wa sungura, hilo usilidharau. Kila Ijumaa au siku uliyoizoea, mpime uzito kwenye mizani ya jikoni. Sungura wa kilo 2 akipoteza gramu 200, amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, hata kama machoni anaonekana yuleyule.

Faida ya daftari ni kwamba kumbukumbu ya mtu hubeba tukio la mwisho tu. Karatasi ndiyo itakayokuonyesha kwamba kila tumbo linapovurugika, siku mbili nyuma alipewa makombo ya wali, au mvua ya kwanza ilinyesha, au yalikatwa majani mahali papya. Ukiwa na watoto nyumbani, mkabidhi mmoja kazi hii. Macho yao huona mengi, na mara nyingi wao ndio wanaojua nani kampa sungura biskuti.

Hatua ya 4: Mrudishe kwenye majani

Hapa ndipo penye uzito, na ningependa usome polepole.

Kwa sungura mzima mwenye tumbo linalojirudia, ondoa kila kitu isipokuwa majani ya jamii ya nyasi na maji, kwa wiki mbili hadi nne. Usikate kwa siku moja. Punguza vingine taratibu kwa siku saba hadi kumi huku nyasi zikiongezeka. Nyasi ziwepo mbele yake mchana na usiku, zisiishe. Ukoka unafaa, majani ya gini yanafaa, mabingobingo machanga yaliyokatwakatwa yanafaa. Kipimo rahisi ni rundo lenye ukubwa wa mwili wake mwenyewe, walau mara moja kwa siku, na liongezwe likipungua.

Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, kisha miezi ya ukavu. Hili linaeleza matumbo mengi yanayovurugika kwa zamu. Mwishoni mwa kiangazi nyasi zimekauka zimesimama, mfugaji anajaza pengo kwa pumba. Mvua ikinyesha, ndani ya wiki mbili kila mahali ni kijani kibichi chenye maji mengi na nyuzinyuzi chache, na sungura aliyezoea vikavu anapewa mzigo mzima kwa mkupuo. Kesho yake anahara au amejaa gesi. Majani ya mvua mpya mwanzishie kiganja kimoja, uchanganye na makavu, uongeze kwa muda wa siku kumi. Yakate jua likishapanda, umande ukiwa umekauka, uyatandaze kivulini yanyauke kidogo. Usiyafunge kwenye kiroba yakapata joto; majani yaliyovundika ndani ya kiroba yameshaanza kuchacha kabla hayajafika tumboni.

Dawa ya kiangazi ni kutengeneza nyasi kavu mwenyewe. Mvua zinapoelekea ukingoni, Aprili au Mei, kata nyasi kabla hazijatoa mbegu, zingali na rangi ya kijani. Zitandaze tabaka jembamba juani, uzigeuze mara mbili kwa siku, siku mbili au tatu. Jioni ziingize ndani, hewa ya pwani ina unyevu na usiku mmoja nje unaweza kuharibu kazi yote. Zikiwa tayari, zina harufu nzuri na zinavunjika ukizikunja, ila hazijageuka rangi ya majani ya makuti. Zihifadhi juu ya kichanja, penye hewa, mbali na ukuta unaotoa unyevu. Zenye ukungu au vumbi jeupe tupa.

Angalia pia unapokatia. Miezi ya kipupwe, kuanzia kama Juni, wakulima wetu wanapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, na baadaye viuatilifu vya kuua wadudu. Vumbi lile linatua kwenye nyasi zilizo chini. Nyasi za chini ya mikorosho iliyopulizwa si za sungura, hata ukizisuuza. Muulize mwenye shamba kabla hujakata. Kadhalika pembezoni mwa barabara kuu na kwenye mitaro ya maji machafu.

Hatua ya 5: Toa vya jikoni

Ugali, iwe wa mahindi au wa muhogo, wali, chapati, mkate, biskuti: vyote hivi ni wanga unaochachuka haraka tumboni mwa sungura. Anavipenda, ndiyo, na ataacha nyasi kwa ajili yake, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Kama kuna kitu kimoja ninachokisimamia katika mwongozo huu wote ni hiki: makombo ya binadamu si chakula cha sungura, hata kijiko kimoja, hata sikukuu.

Kuanzia Oktoba hivi korosho zinapoanza kuanguka, mabibo yanazagaa kila mahali na watoto huyaokota. Bibo ni tamu na linachacha ndani ya saa chache, kila mtu wa Kusini anaijua harufu yake. Sungura akila mawili matatu, bakteria wa tumboni mwake wanapata karamu ya sukari. Waambie watoto waziwazi wasimpe, na kama banda liko chini ya mkorosho, hamisha banda. Maembe na ndizi mbivu vivyo hivyo. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba mara moja kwa wiki kinatosha kwa sungura mzima asiye na tatizo, na huyu wako kwa sasa asipewe kabisa.

Pumba za mahindi na mashudu ya ufuta au alizeti yanauzwa rahisi huku kwetu, na mfugaji wa sungura wa nyama anaweza kuwa na hesabu zake. Kwa sungura wa nyumbani mwenye tumbo bovu, pumba ni wanga bila nyuzinyuzi ndefu, na mashudu yana mafuta na protini nyingi kupita haja yake. Tena pumba na karanga zilizopata unyevu hubeba sumukuvu, na sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo haraka sana. Chakula cha kuku nacho kiepuke. Baadhi kimewekwa dawa za kuzuia kuhara damu ya kuku, na baadhi ya dawa hizo, kama monensini, ni sumu kwa sungura.

Katika majani, hatari zipo pia. Kisamvu kibichi na maganda ya muhogo vina sianidi. Majani ya parachichi, mnyonyo, majani ya nyanya na ya viazi mviringo ni sumu. Majani ya karanga na ya mbaazi ni mazuri lakini yana protini nyingi, kwa hiyo ni ya kuonjesha, si ya kushibisha.

Hatua ya 6: Fungua mdomo wake

Sungura aliyerekebishiwa chakula na bado anarudi kuumwa, mshuku meno. Meno yake yote huota maisha yake yote, ya mbele kwa takriban milimita 2 kwa wiki, na yanasagika kwa kutafuna nyasi tu. Aliyelelewa kwa ugali na pumba hatafuni vya kutosha. Magego yanaota yakawa na ncha kali zinazochoma ulimi na shavu, naye anakula kidogo, kisha utumbo unapunguza mwendo, kisha unaona "ugonjwa wa tumbo".

Meno ya mbele unayaona ukifunua midomo: yawe yamenyooka, ya juu yakitangulia kidogo ya chini. Magego huyaoni bila kifaa, ila dalili zake unaziona. Kidevu kina mate, anachagua vilaini na kuacha vigumu, anaokota jani na kuliangusha, au macho upande mmoja yanatoa machozi. Usimkate meno kwa kikata kucha wala koleo. Jino linapasuka hadi kwenye mzizi na usaha unafuata. Ni kazi ya daktari.

Hatua ya 7: Maji na joto

Sungura anakunywa mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na zaidi kwenye joto. Wa kilo 2 anaweza kumaliza chupa ndogo ya maji ya nusu lita siku ya joto kali. Bakuli zito la udongo ni bora kuliko chupa ya kunyonya, kwa sababu kwenye bakuli hunywa zaidi, na udongo huweka ubaridi. Lisuguliwe kila siku. Nyanda za juu za Makonde, Newala na Tandahimba, ambako maji yamekuwa ya taabu miaka mingi, kuna kishawishi cha kumpa sungura maji yaliyobaki ya kuoshea vyombo. Usimpe. Mahitaji yake ni kikombe kimoja au viwili tu kwa siku, mtengee yale mnayokunywa nyumbani.

Joto likipita nyuzi 28 anaanza kuteseka, na huku pwani tunakaa juu ya hapo miezi kadhaa. Sungura mwenye joto huacha kula mchana, na utumbo unapungua. Banda la bati bila dari ni tanuri. Ezeka makuti, au weka makuti juu ya bati. Fungua pande zinazopokea upepo wa bahari, zuia tu mvua ya ubavuni. Saa za jua kali mwekee chupa ya maji yaliyoganda iliyofungwa kitambaa, alale pembeni yake. Nyasi nyingi mpe jioni na alfajiri, hizo ndizo saa zake za kula.

Hatua ya 8: Pima kinyesi

Kama kuhara kunawapata hasa sungura wachanga wa wiki 4 hadi 16, au kunazidi wakati wa mvua, tafuta koksidia. Ni vimelea wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi kwenye utumbo, na aina mojawapo kwenye ini. Mtoto anadumaa, tumbo kubwa, mgongo umekonda, anahara na kupona na kuhara tena. Sungura mzima anaweza kuwabeba bila dalili na kuwaambukiza wengine.

Usikisie. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ana kituo Mtwara, na ofisi ya mifugo ya manispaa au ya halmashauri yako itakuelekeza namna ya kupeleka sampuli. Chukua vigololi vibichi vya asubuhi hiyo pamoja na kilicho laini, weka kwenye kichupa safi chenye mfuniko, kiweke pabaridi bila kugandisha, ukifikishe siku hiyo hiyo.

Wakikuta koksidia, kuna dawa, nyingi za kundi la salfa, na daktari atakupa kipimo na siku za kurudia. Lakini dawa bila usafi haina maana. Mayai ya vimelea hivi yanapotoka na kinyesi huhitaji siku moja hadi chache kwenye unyevu kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo fagia na kukausha kila siku, ukate mzunguko wao. Jiki haiwaui. Maji yanayochemka na jua kali ndivyo vinavyowaua: mwagia sakafu na vyombo, kisha anika juani. Sakafu ya fito au wavu inayopitisha kinyesi inasaidia sana, ila mwekee ubao wa kulalia asiumie nyayo.

Hatua ya 9: Kwenye duka la dawa za mifugo

Hapa ndipo ninapoomba uwe mkali. Ukiingia dukani useme tu "nataka dawa ya kuhara", utapewa antibayotiki inayouzwa kwa kuku na mbuzi. Mwambie muuzaji: "Kaka, ni ya sungura, si ya kuku." Kisha kataa kumpa kwa mdomo amoksilini, ampisilini, penisilini ya aina yoyote, linkomisini, klindamisini au erithromisini. Dawa hizi zinaua bakteria wema wa ule mfuko mkubwa, wabaya wanaojaza nafasi wanatoa sumu, na sungura anakufa siku chache baadaye kwa kuhara kulikozidi kule kulikokupeleka dukani. Vidonge vya amoksilini vya binadamu, vile vya rangi mbili ambavyo kila nyumba inavyo, ni hatari kwake hata kama kipimo ni kidogo.

Shubiri nayo iache. Inaharisha, na mnyama anayepoteza maji hahitaji kuharishwa zaidi. Magadi, mafuta ya kula na majivu havina nafasi hapa.

Ukifika kwa daktari, mpe daftari lako asome kabla hujaanza kueleza. Mwombe apime uzito, aangalie magego, abonyeze tumbo, asikilize kama utumbo unatoa sauti. Akiandika antibayotiki, uliza kwa heshima kama ni salama kwa sungura kwa njia ya mdomo. Daktari mzuri hatakasirika, na kama hana uzoefu na sungura anaweza kuwasiliana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wanakosomeshwa madaktari wa mifugo.

Hatua ya 10: Kumrudishia vingine, kimoja kimoja

Vigololi vikiwa vikubwa na vya duara kwa wiki mbili mfululizo, anza kurudisha mboga. Chagua moja, mpe jani moja tu, ungoje siku tatu. Mchunga ni wa kuanzia vizuri, huota wenyewe mashambani na sungura wanaupenda. Ukiona hakuna mabadiliko, ongeza hadi kiganja. Kisha mboga ya pili, labda matembele, kwa utaratibu huohuo, kisha mchicha kidogo. Ile itakayorudisha uji au gesi iandike kwenye daftari kwa wino mwekundu na usiirudie.

Chakula cha punje, kama unakipata, kiwe cha mwisho kurudi, na kisizidi gramu 20 hadi 25 kwa siku kwa sungura mzima wa kilo 2, karibu vijiko viwili vya chakula, vipewe jioni baada ya kuona nyasi za mchana zimeliwa. Sungura ambaye ameshazoea nyasi na anaishi vizuri bila punje, ana uzito unaosimama na manyoya yanayong'aa, huna sababu ya kumrudishia. Aliyekonda, mjamzito au anayenyonyesha anahitaji zaidi, na kipimo chake mpange na afisa mifugo ukiwa na namba za uzito za wiki nne mkononi.